Usiitike Mara ya Kwanza

Bibi Somoe alinifundisha, kule Kitangari,
kabla sijajua kusoma:
ukiitwa usiku, nyamaza.
Ukiitwa tena, nyamaza bado.
Mwenye haja ataita mara ya tatu,
atajitaja ni nani, mtoto wa nani.
Kisicho mtu kinajua jina lako tu,
basi.

Simu yangu haikulelewa Kitangari.
Niliinunua Mtwara mjini, msimu wa korosho,
kwa malipo ya mnada wa tatu,
na mpaka leo ikiitwa huitika "abee"
kabla mwitaji hajafunga mdomo.

Jumanne ile nilishuka stendi ya Mkanaledi,
begani mkoba wa chama cha msingi,
ndani ya simu wakulima mia mbili na kumi na sita:
majina, kilo, namba za akaunti,
Litunungu, Chihipu, mjane wa Namkoko
aliyeleta magunia mawili tu
na kuyasindikiza kwa miguu hadi ghalani.
Bando lilikuwa limekata tangu Nanyamba.
Simu ikatetemeka kiganjani: umeunganishwa.
Nikafurahi. Cha bure nani hakitaki?
Nikasoma jina la mtandao:
MAPUMZIKO_MASASI.

Nilicheka kwanza.
Kisha kicheko kikaniwasha midomo
kama ganda la korosho mbichi.
Mapumziko ni nyumba ya wageni, vyumba tisa, bati jekundu;
nililala pale usiku mmoja, mwaka juzi, mimi na mbu.
Ni ya tofali. Ina kisima uani.
Nyumba haipandi basi.
Nani ameileta Mkanaledi?

Bakiri, fundi simu, alinieleza
bila kuinua macho kwenye kioo alichokuwa akikibandika:
Dada, simu yako haingoji kuitwa. Yenyewe ndiyo inayoita.
Inatembea ikiuliza hewani:
Mapumziko, upo? Ghala la Nanyamba, upo?
Ndanda, wadi ya wanawake, upo?
Mwenye kisanduku chake mfukoni anasikiliza,
anachagua jina moja, anajibu: nipo.
Basi, inaingia. Inavua na viatu.

Aliendelea kueleza. Mimi nilikuwa nimebaki Ndanda.

Ndanda sikumwambia mtu.
Nilikwenda kimya, nikarudi kimya,
nikasema nilikuwa kwenye semina ya viuatilifu.
Kumbe miezi saba hii simu inaitangaza
kati ya wauza karanga na wapiga debe,
kwa kila mwenye sikio la chuma,
habari ambayo mama yangu hajaisikia.

Nikakaa juu ya gunia la mtu, nikafungua orodha.
Mitandao kumi na minne.
Sahau Masasi. Sahau ghala.
Sahau ile ofisi ya Chikongola
ambayo neno lake la siri lilibandikwa mlangoni.
Nilipofika Ndanda kidole kilisita,
kana kwamba mashine ikishasahau
nitabaki mimi peke yangu wa kukumbuka.
Nikabonyeza.
Nikazima na kule kuungana kwenyewe,
nikabadilisha maneno ya siri yote, nikimnong'oneza Bakiri
anielekeze lakini asitazame.

Kama kuna jicho lililopita kwenye orodha ya wakulima
katika zile dakika tano, sita, sijui.
Hilo ndilo linaloniamsha.
Mjane wa Namkoko akiniuliza pesa zitaingia lini
namwambia Ijumaa,
na Ijumaa mimi ndiye wa kwanza kumuuliza, zimefika? zote?

Jana saa saba za usiku skrini iliwaka mezani:
kuna mtandao wazi karibu nawe, unataka kuungana?
Sikuitika.
Ikawaka mara ya pili.
Nikailaza kifudifudi, nikangoja gizani
mtu ajitaje ni nani,
mtoto wa nani.